Simu Isiyo na Sauti

Harufu ndiyo iliyonifanya nizikumbuke. Alasiri moja ya mwezi wa sita nilivuta droo ya cherehani nikitafuta pini, ikanijia harufu tamu, ya ajabu, kama ya tunda lililoiva likapitiliza. Upepo wa Kiomboi ulikuwa unapepea vitambaa barazani, na kwa kitambo nilikaa tu nikinusa, nusu nipo, nusu sipo, nikidhani ni maua ya mahali fulani. Kumbe ni betri. Chini ya zipu na vifungo kulikuwa na simu zangu tatu za zamani, vitochi viwili vya kubonyeza na moja ya kupangusa kioo, na kitochi kimoja kilikuwa kimevimba mgongo hadi mfuniko umeachia.

Mwenzangu wa barazani aliacha kushona, akaja kuangalia. Tumeshona pamoja miaka mingi, mimi cherehani yangu, yeye yake. Aliugua utotoni akawa kiziwi, na lugha yetu ni ya mikono: ishara nyingine alizitoa shule ya viziwi aliyosoma, nyingine tumejitungia wenyewe hapo hapo. Nilimwonyesha shimo la taka tunakochomea majani. Akanishika mkono. Akafanya ishara ya moto, kisha ya kitu kinachopasuka usoni, halafu akaelekeza kidole upande wa stendi.

Nikazifunga zote tatu kwenye kipande cha kitenge, nikaenda stendi kwa fundi simu. Ni mzee aliyeanza na redio, kazi ya redio ikapungua, akahamia simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea wagonjwa au maiti?"

Kile kilichovimba hakukigusa kwa bisibisi. Alikilaza kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya mlango.

"Hii usiichome, wala usiitumbukize chooni," alisema. "Ina sumu, na sumu hushuka hadi kwenye maji. Kuna mtu huja kutoka Singida mjini kukusanya simu mbovu na betri, anazipeleka kwa wanaojua kuzivunja. Nitampa. Hicho kingine nitatoa kioo kwanza, kuna mama anakihitaji."

Ile ya tatu, ya kupangusa, ilikuwa imetumbukia kwenye beseni zamani nikisuuza nguo, na tangu siku hiyo ikawa bubu. Aliichaji, ikawaka. Akaigeuzageuza.

"Kioo kizima. Kamera nzima. Hii haijafa, imepoteza sauti tu, na spika za aina hii sizipati tena. Lakini nani atataka simu isiyosema?"

Basi la Singida lilikuwa linapiga honi, wapiga debe wanaita, na mimi nasikia kama kwa mbali.

"Namjua mtu," nikasema.

"Basi futa vitu vyako kwanza. Usimpe mtu simu nawe bado umo ndani yake."

Nilikaa kitandani kufuta. Karibu picha zote zilikuwa za nguo nilizoshona, zimepigwa kuanzia shingoni kushuka chini, maana mimi kilichonihusu ni mshono. Sare za kwaya, gauni za ubatizo, shela ya binti ambaye sasa ana watoto wawili. Zilipita chini ya kidole changu bila nyuso, moja baada ya nyingine, jua la jioni likiwa la njano dirishani, na sijui nilikaa pale muda gani. Chache nilizihamishia simu mpya. Zilizobaki nikazifuta, nikatoa laini, nikaipangusa simu ikang'aa.

Kesho yake nilipomkabidhi, mwenzangu alicheka. Akagusa masikio yake, akatikisa kichwa. Mimi nami nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo miaka yote, kwamba simu si kitu chake, na nikaona aibu. Nikafungua kamera ya mbele. Uso wake ukatokea kwenye kioo, akaacha kucheka.

Alikuwa na rafiki wa shuleni, kiziwi kama yeye, aliyelala naye kitanda kimoja tangu darasa la kwanza hadi wakamaliza. Rafiki huyo aliolewa na mfuga nyuki huko Rungwa. Tangu hapo salamu zao zilikuwa ujumbe mfupi mfupi, kutoka simu ya mume hadi simu yangu. Tukamwandikia yule mume, tukiomba waonane kwa simu ya video. Nyumbani kwao mtandao haushiki, kwa hiyo akasema tungoje Jumapili, watatoka hadi mahali unaposhika.

Jumapili, baada ya ibada, picha ilikuja ikaganda, ikakatika, ikarudi. Mwanamke mwenye kilemba cha bluu, nyuma yake miti na mizinga imening'inia. Mwenzangu alihitaji mikono yote miwili, nikamshikia simu. Na kule nako kulikuwa na wa kushika: kidole gumba cha mume kilikuwa kimeziba pembe ya picha.

Hawakupokezana. Walianza pamoja, mikono ikienda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na ndipo nilipojua kwamba miaka yote mwenzangu alikuwa akisema nami taratibu, kama anavyoongeleshwa mtoto. Niliambulia mvua, na uzazi, na jina langu la ishara, vidole viwili vinavyobana pini. Mengine yalinipita kama ndege. Hapakuwa na sauti ila upepo. Mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mwingine, sikutaka iishe.

Bando lilipokatika alibaki anatazama kioo cheusi, machozi yanamtoka na anatabasamu.

"Amezeeka," akaniambia kwa mikono, polepole. "Na mimi?"

"Kidogo," nikajibu. Akanipiga begani.

Baada ya mavuno ya alizeti mwenzangu alipanda basi mwenyewe kwenda Rungwa, akakaa wiki tatu. Mimi nilibaki na sare za shule za wateja wetu wote. Siku ya nne ikaingia picha moja, bila maneno. Yeye na rafiki yake walikuwa wamekaa mkekani wakikamua masega, mikono imejaa asali hadi viwikoni, na mtoto mchanga wa yule rafiki amelala katikati yao.