Dawa ya Mama Mkubwa Ndani ya Sumaku

Mimi ni mwalimu wa kemia chuoni, hapa Morogoro, na kwa majivuno sijambo. Mama mkubwa, dada yake mama, hutengeneza dawa ya magoti huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru: mizizi, asali, na siri yake. Mama yangu haendi hata msikitini bila kuinywa. Mimi ndiye niliyetangaza chuo kizima kwamba humo mna kitu ambacho dunia haijakijua.

Mashine ya NMR, ile inayosoma molekuli kwa sumaku, hatuna. Mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma ughaibuni aliichuja dawa niliyomtumia, akaiweka kwenye sumaku yao, akanitumia mchoro kwa simu. Wanafizikia walioanzisha kipimo hiki walitaka kupima viini vya atomu tu. Baadaye ikagundulika kwamba kiini cha haidrojeni, kikipigwa mawimbi ya redio, hutoa na habari za majirani zake. Tangu hapo sisi wanakemia hatuna adabu: tunachungulia ndani ya molekuli bila kupiga hodi. Hata kipimo cha MRI cha hospitali ni mtoto wa ukoo huo.

Papara zikaniponza. Niliurusha mchoro ukutani kwa projekta, mbele ya darasa, kabla sijausoma mwenyewe.

"Haya, molekuli ya Uluguru hiyo."

Kisha binti mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, si ndiyo ile ya zoezi la wiki iliyopita? Diklofenaki?"

Vilele vya mchoro vilikuwa vile vile, mahali pale pale. Dawa ya maumivu ya duka la dawa! Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, masikio yakiniwaka moto. Lakini aibu hiyo ilikuwa rasharasha tu. Mama ana vidonda vya tumbo, na dawa hiyo huvichimba. Mwezi uliopita alitapika damu, na daktari alipouliza anatumia dawa gani, nilimjibia mimi: "Mitishamba tu."

Kesho yake nilipanda Mgeta kwa lori lililokuwa linafuata mboga. Nilimkuta mama mkubwa uani, anachambua maharage.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekusawijika hivyo?"

Nikamweleza. Hakukana.

"Mizizi inataka subira. Nyie watu wa mjini mnataka goti lipone kabla hamjafika stendi. Basi nikawa nasaga vidonge, natia humo humo."

"Vidonge unavipata wapi?"

Akanikazia macho. "Si unaniletea wewe?"

Kwetu hupandi kwa mkubwa mikono mitupu, wala humhoji alichoagiza ni cha nini. Kila safari aliagiza vidonge vya mgongo, diklofenaki hiyo hiyo, nami nilimpelekea mapakiti, nikijiona mtoto mwema. Mwalimu wa kemia mzima!

Niliporudi nilimwambia mama kilichomo na kwa nini aiache. Alimpigia dada yake papo hapo, akaweka spika, akafoka huku analia.

"Ulitaka kuniua? Hivyo vidonge umevitoa wapi?"



"Nilinunua mwenyewe, mdogo wangu," mama mkubwa akasema. "Nisamehe."

Simu ilikuwa mezani, kati yangu na mama. Nilifungua mdomo. Nikanywa chai.