Vita Vilivyoshusha Bei

Mzee Sulaiti alikuwa na duka karibu na msikiti wa Busia, mimi nikiuza dagaa mkabala naye. Alikuwa mpole hata kuku wa jirani walilala juu ya magunia yake. Ujanja alikuwa nao mmoja tu, tena alifunzwa na mpaka wetu wa Kenya na Uganda: ukisikia vita, nunua mapema. Nani angembishia? Uganda ilipochafuka, sabuni na sukari zilipanda bei tukitazama.

Mwaka wa 1975 mchuuzi wa Nairobi alimletea kalkuleta, kimashine cha kuhesabu kinachoenea kiganjani.

"Mzee, ndani iko kitu inaitwa chipu, ndogo kama ukucha. Kampuni zenye zinatengeneza hizo chipu ziko na vita mbaya huko Amerika."

Sulaiti alisikia neno moja tu. Mkewe, Kadija, alikuwa ameweka akiba miaka mitatu kwa kushona nguo za watoto kwa mkono, apate kununua cherehani. Sulaiti akamwomba pesa hizo zote anunue kalkuleta nne. "Bei ikipanda, nitakuletea cherehani mbili." Kadija akampa, maana alimpenda, na kupenda nako kuna hasara zake.

Kumbe vilikuwa vita vya biashara, jamani! Kila kampuni ilishusha bei ya chipu zake ili imnyang'anye mwenzake wateja, na kalkuleta nazo zikashuka. Mwaka haukuisha, mchuuzi yule yule akarudi akiziuza kwa robo ya bei. Sulaiti akamuuliza kama vita vimeisha.

"Ziishe wapi, mzee! Sasa ndio zimechacha."

Alasiri moja akaketi mkekani kando ya mkewe.

"Mama Ziada, cherehani yako nimeiua."

Kadija hakuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Najua. Dukani kwa Wandera wanauza hiyo kitu bei ya chini tangu mwezi jana."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulikuwa unangoja vita. Mimi nilikuwa nangoja wewe."

Sulaiti alilia bila haya, kisha akamwomba amfundishe kupiga pindo. Tangu siku hiyo wateja walimkuta kwenye kaunta, mzee mzima, akishona gauni la mtoto, amejichoma vidole vyote. Siku ya kwanza nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Siku ya pili nilimwonea Kadija wivu.