Huruji, Siyo Hurubu

Zipporah alikuwa na neno moja la kukumbuka na siku nne za kulikumbuka. Alipewa na Lydia, mwenzake waliyepanda naye ndege moja Nairobi mwaka wa 2012. Siku hiyo, kwenye uwanja wa ndege wa Riyadh, waligawanywa kama mizigo, huyu mlango huu na yule mlango ule. Sasa wote walikuwa Jeddah, Lydia kule Al-Mahjar na Zipporah Al-Nuzha. Jiji ni moja, na bado hawakuwa wameonana tena uso kwa uso.

"We Zippy, nisikize vizuri," Lydia alinong'ona kwenye simu, bomba la maji likiwa wazi ili madam wake asisikie. "Contract yako iliisha April. Hii ni August. Ukingoja madam akwambie, utazeekea huko. Itisha mwenyewe. Na usiitishe madam, itisha mwanaume, yule jina yake iko kwa ikama yako, ile kibali ya kukaa huku."

"Nitasema nini?"

"Sema unataka huruji. Huruji ni kurudi nyumbani na karatasi yako safi. Usije ukasema hurubu, aki! Hurubu ni kutoroka. Ukiandikwa hurubu, hiyo ni polisi."

"Huruji," Zipporah akasema.

"Eeh. Siyo hurubu."

"Siyo hurubu."

Simu ikakatika. Basi hapo ndipo taabu ilipoanzia, maana mtu akikupa neno moja utalishika, lakini akikupa mawili yanayofanana kama mapacha na kukuambia moja ni sumu, yote mawili yatakaa mdomoni na kubadilishana viti. Zipporah alisugua choo akisema huruji. Alipiga pasi kanzu za bosi akisema huruji. Siku ya tatu, akikatakata vitunguu, alijisikia akisema hurubu, kisu kikasimama hewani.

Hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nani? Riyadh, alikokaa mwaka wa kwanza kabla familia haijahamia Jeddah, aliijua kupitia dirisha la jikoni: ukuta wa jirani, tangi la maji na kipande cha anga. Mara moja alipelekwa soko la Al-Dirah kubeba mifuko ya madam. Nyuma ya duka la vitambaa akasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Punguza kidogo, bwana." Kiswahili! Aligeuka kwa pupa hadi mfuko ukamwanguka, lakini madam alikuwa ameshasema yalla, twende. Hakumwona mwenye sauti. Mwezi mzima alipopiga pasi alijisemea peke yake, punguza kidogo, bwana, punguza kidogo, hata watoto wakadhani ni wimbo.

Jeddah alizoea kuongea Kikamba na mashine ya kufua. Haikumkatiza, na ilipofika mwisho ilitikisika mwili mzima kama mtu aliyeguswa na habari.

Nyumbani Mbooni alikuwa na binti, Stacy, aliyemwacha na miaka mitano kwa mama yake. Ijumaa moja aliporuhusiwa kupiga simu, mtoto alisema, "Hello, Auntie." Nyuma yake nyanya akamkemea, "Ni mama yako huyo!" Stacy akauliza kwa adabu, "Mama yupi?" Tangu siku hiyo Zipporah hakutaka kingine duniani ila kwenda nyumbani.

Nafasi ilikuja na safari. Joto la Agosti lilikuwa limewabana watu wa Jeddah majumbani, na Madam Amal alikuwa ameona picha za Ufilipino, milima iliyokatwa ngazi za mpunga na watu wa kale, maji yanang'aa kila kidato. Akataka kwenda.

"Ngazi?" Bosi Rayan akacheka. "Babu zangu walikata ngazi milimani kabla hao hawajajua mpunga. Zipo Al-Baha, na hatuhitaji viza. Twende kwa baba."

"Zina mpunga?"

"Zina mawe. Lakini kuna ubaridi."

Siku ya nne wakaondoka alfajiri, Zipporah nyuma kabisa ya gari katikati ya sufuria na gunia la mchele. Barabara ilipanda ikizunguka na kupenya mlimani, mahandaki na madaraja, mpaka masikio yakaziba. Juu kulikuwa na nyani wenye manyoya mabegani kama makoti, wameketi ukingoni wakingoja ndizi. Watoto wawili wa kike wakapiga kelele, "Zibora, tazama! Tazama, Zibora!" maana p yao ilikataa kutoka. Halafu ukungu ukapanda kutoka bonde la Tihama, na ubaridi ukaingia dirishani. Zipporah akavuta pumzi. Ubaridi ule aliujua. Ulikuwa na harufu ya majani yaliyolowa, kama asubuhi ya Mbooni.

Mzee Mselem, baba yake bosi, aliishi katika nyumba ya mawe kwenye ukingo wa mlima. Mwanawe alimjengea chumba Jeddah, mzee akakaa siku sita akarudi mlimani. Walimkuta kwenye kiti cha plastiki nje, ameipa nyumba mgongo. Chini yake, kidato baada ya kidato hadi ukungu ulipofunika, mashamba ya ngazi yaliteremka, kila moja limezuiwa na ukuta wa mawe yasiyo na saruji. Zamani yalikuwa ya ngano na shayiri. Mengi sasa yalikuwa na miiba. Moja, la tatu kutoka juu, ukuta wake ulikuwa umepasuka kwa mvua, na udongo ulikuwa umemwagikia shamba la chini.

Familia ilipiga picha. Madam alipiga ya watoto, ya ukungu, na ya miguu yake mwenyewe. Kisha wakatandika mkeka na kulala. Mzee hakupiga picha. Aliutazama ule ukuta.

Zipporah naye aliutazama. Kwao mlima mzima umekatwa hivyo, ila kwa udongo. Mama yake na kina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, huingia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, wanachimba mfereji kwa mstari huku udongo wakiurusha upande wa juu, siyo wa chini, mpaka tuta lisimame. Fanya juu, huiita. Alikuwa amesahau kwamba mikono yake iliwahi kufanya kazi isiyokuwa ya nyumba ya mtu.

Hakuomba ruhusa. Alishuka, akainua jiwe, akaliweka.

"La!" Mzee akafoka kutoka juu. Akashuka kwa fimbo yake, taratibu, akiguna. Akaling'oa lile jiwe na kuligeuza. Kwa Kiarabu cha kilimani, na mikono zaidi ya maneno, akamwonyesha: ulilaza jiwe kama mtu kitandani. Lisukume, kichwa kiingie mlimani, miguu tu ndiyo ionekane.

Zipporah akaweka la pili hivyo hivyo. Mzee hakuling'oa, na kwa fundi hiyo ni sifa.

Wakafanya kazi. Yeye alibeba, mzee alishika, akatia vijiwe vya kukazia. Udongo uliomwagika chini Zipporah hakuubeba kwa ndoo. Alichukua sepetu, akasimama kidato cha chini, akaurusha juu nyuma ya ukuta, mmoja, wa pili, wa tatu, kwa mdundo wa kina mama wa mwethya. Mzee akatazama, akacheka hadi akakohoa.

"Hiyo mnaiitaje kwenu?"

"Fanya juu."

"Fanyaju," mzee akasema, akaionja. "Fanyaju. Wallahi, mgongo wangu ungeijua hiyo mapema!"

Kwa muda wa miaka miwili hakuna aliyekuwa amemuuliza kwao kitu kinaitwaje. Mzee akaketi juu ya jiwe, akamfuta vumbi begani kama mtu afutavyo mjukuu, akauliza, "Wewe binti, unataka nini? Useme tu."

Zipporah hakuwa amejiandaa. Lydia alisema aitishe mwenye jina kwenye ikama, na mwenye jina alikuwa juu mkekani, lakini huyu ndiye aliyeuliza. Mapacha wakaruka mdomoni, akamshika mmoja.

"Baba," akasema kwa sauti, "nataka hurubu."

Juu, madam aliketi wima. "Nini? Amesema hurubu? Rayan! Amka, anataka kutoroka!"

"Atorokee wapi?" Rayan akajibu, usingizi machoni. "Kwa nyani?"

"Usinifanyie mzaha! Simu yake iko wapi?"

Zipporah alijua papo hapo kwamba ndilo lenyewe, lile la polisi. Alitaka kulirudisha lakini lile lingine lilikuwa limepotea kabisa. Akabaki anatikisa kichwa, machozi yanachora mistari kwenye vumbi. "Mafi hurubu, baba. Mafi, hapana. Nyumbani. Mtoto."

Mzee aliinua fimbo, kelele za juu zikakoma.

"Anayetoroka haombi ruhusa," akasema. "Na hatengenezi ukuta. Unataka khuruji. Sema. Litoe huku kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba."

"Huruji."

"Koo, binti!"

"Khuruji!"

"Ndilo." Akageuka. "Rayan. Miaka yake imeisha?"

"Iliisha, baba, lakini Amal..."

"Nilimuuliza Amal?"

"Shule zinakaribia kufunguliwa, ami," madam akamwambia baba mkwe wake, na safari hii sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuogopa. "Nani ataangalia watoto?"

"Wana mama," akasema mzee.

Rayan akapanda juu ya paa, maana mtandao ulipatikana huko tu, akaminya simu, akamwombea khuruji serikalini. Birika ilikuwa motoni, na alishuka kabla haijachemka. Miezi minne Zipporah alikuwa amengojea jambo ambalo halikuchukua hata muda wa birika moja kuchemka. Zipporah akaitwa juu, akaonyeshwa maandishi. Alisoma neno moja tu alilolijua, khuruji. Siku sitini za kuondoka, bosi akasema, na tikiti mwezi ujao.

"Shukran, bosi," akasema. Akatazama huku na huku, akitafuta wa kumwambia. Watoto walikuwa wamelala. Simu yake madam alikuwa ameshaichukua, iko mkobani mwake. Alitaka kushuka tena kwa mzee, aliyekuwa amerudi ukutani, akampokee jiwe.

"Zibora," madam akaita bila kumtazama. "Mchele."

Akafungua gunia, akakaa mlangoni, akauosha. Kutoka chini ya ukungu sauti ilipanda: jiwe juu ya jiwe. Kisha kimya kirefu. Zipporah alikijua kimya kile. Ni mzee anashikilia jiwe kubwa kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anapapasa chini akitafuta la kukazia, na hakuna wa kumpa.

Akamwaga maji ya kwanza, akatia ya pili, akasikiliza.