Siku Mama Mkwe Aliposukuma Gari Langu

Nina stashahada ya umeme wa magari, na hapa Matiri kila mtu anajua, kwa sababu nimemwambia. Basi gari langu kuukuu lilipoanza kuamka na betri iliyokufa, mke wangu akashauri tulipeleke gereji Mbinga mjini. Nilimjibu, "Fundi gani tena, wakati fundi unalala naye?"

Nilibadilisha betri. Nikabadilisha altaneta. Nikafumua nyaya za dashibodi mpaka gari likaonekana kama kuku aliyepasuliwa. Nikishachaji betri, mchana liliwaka vizuri, asubuhi kimya. Sikukata tamaa. Kila jioni nilikagua waya mwingine, kisha nikaacha buti wazi kidogo, maana nabeba usipa kutoka Mbamba Bay na harufu ya dagaa hao haitoki upesi.

Jumapili nilikuwa nimeahidi kumpeleka mama mkwe kanisani, mjukuu wake abatizwe. Nilishamtambia kwamba gari langu halisukumwi.

Asubuhi, kimya. Padri hasubiri mtu, kwa hiyo mama mkwe alijifunga kitenge kiunoni akajiunga na majirani nyuma ya gari. Mimi mkwewe nimekaa kwenye usukani, yeye anasukuma. Sikuthubutu hata kutazama kioo.

Mara wakaacha kusukuma.

"Baba Neema," mama mkwe aliita kwa upole, "humu kwenye buti kuna taa ndogo nyekundu inafifia. Huwa unawawashia usipa usiku kucha? Wanaogopa giza?"