Nyale na Kundi la Tarabu

Damaris alipostaafu upigaji taipu serikalini, majirani wa Kibarani walimtarajia afuge kuku kama wastaafu wenye adabu. Akanunua gramafoni ya kuchomekwa kwenye kompyuta, akaanza kuhamishia humo santuri za watu kabla kuvu haijazimaliza.

Bwana Salman alimletea santuri iliyorekodiwa kwenye arusi ya babake, imeviringishwa leso kama mtoto mchanga. Kesho yake ukoo wao ungeizindua ukumbini Malindi: skrini kubwa, halua, na hotuba nne, Mungu atunusuru.

Damaris aliiosha kwa tone la sabuni, akashusha sindano. Mawimbi yakajichora kwenye kompyuta. Akachagua kipande chenye mikwaruzo mitupu, programu ikaisoma, ikaifagia kwenye wimbo mzima. Ubeti wa tatu, mwimbaji hajamaliza, kigelegele kikapasuka kwa mbali, sufuria zikigongana.

"Kikate hicho," alisema Salman, aliyekuwa akisubiri kando. "Mpishi gani huyo, anamrukia mwimbaji?"

Damaris alimjua. Nyale, mamake, alikuwa akiisimulia siku ile mpaka watoto wakimkimbia: alivyopika pilau ya arusi hiyo na Damaris mgongoni, akaionja, akashindwa kujizuia. Hakumshangilia bwana arusi. Alishangilia wali wake. Picha yake pekee mchwa waliimaliza. Sauti yake ilibaki hiyo tu.

"Huyo mpishi ni mamangu."

Salman akababaika. "Mungu amrehemu. Lakini dada, wageni watasikia nini?"

"Watasikia pilau imeiva."

"Santuri ni yetu sisi!"

"Na koo ni letu sisi. Pilau mlikula, hiki nacho mmeze."

"Basi nitampelekea fundi wa Mtwapa, akikate!"

"Mpelekee. Uzinduzi ni kesho saa tatu asubuhi."

Salman alihesabu saa kwa vidole, zikamkatalia. Damaris akafuta mikwaruzo iliyobaki, kigelegele akakiongeza sauti kidogo, halafu kidogo tena. Akaandika jina la wimbo, akamkabidhi flashi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Asubuhi, mbele ya ukoo mzima, skrini ikawaka kwa herufi kubwa: NYALE, AKISINDIKIZWA NA KUNDI LA TARABU.

Salman alimtafuta fundi mitambo kwa macho. Akamwona Damaris, ambaye hakualikwa, kiti cha mbele kabisa, leso kiunoni. Ubeti wa tatu ulipofika, mama alipasua ukumbi kutoka jikoni. Damaris akasimama, akajaza pumzi, akamjibu.