Siku Fundi Alipoitazama Bahari

Miaka ishirini fundi wa vyerehani alipita barabara ile ya pwani peke yake, yeye na pikipiki yake na sanduku la vipuri. Alimwahidi mkewe kwamba siku mgongo ukimshinda njiani, safari ataziacha. Leo aliegesha ukingoni, akashindwa hata kuinua mguu ashuke. Simu ikaita.

“Mbona sisikii injini, baba watoto?”

“Nimesimama kidogo. Naangalia bahari.”

Mkewe akacheka taratibu. “Wewe? Kila nikikuuliza bahari ikoje, unasema umeona lami tu. Ni mgongo huo.”

“Ni mgongo,” fundi akakiri.

“Haya, iangalie vizuri basi, uje unisimulie.”

Akainua macho. Siku zote alidhani ni ya buluu. Kumbe upande ule ni ya kijani.