Muhogo Kwenye Meza ya Amerika

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha Kiingereza kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kusini mwa Durban, karibu na viwanda vya Jacobs. Wanafunzi wangu walikuwa watoto kumi na wawili, Wakongo na Warundi, waliokuwa wamefika nchini hivi karibuni na Kiingereza kikiwa bado kinawakwamisha. Vitabu tulipewa na kanisa moja la ng'ambo: nakala kumi na tatu za historia ya Amerika ya mwanzo. Hatukuwa na kitabu kingine ambacho kila mtoto angeshika cha kwake, kwa hiyo tukajifunzia humo.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vibaya. Watoto walisoma majina ya mito na makabila kama mtu anayesomewa orodha ya wageni wa harusi asiyoalikwa. Tulipofika sura ya mazao nikaona mlango. Nikawaambia kila mmoja aje na kitu kutoka jikoni kwao.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Nilitenga meza mbili na kubandika karatasi: AMERIKA upande wa dirisha, KWETU upande wa mlango. Kila mtoto akaweka chake alipodhani ni pake. Meza ya KWETU ilijaa hadi nyanya zikabingirika chini. Kisha nikafungua kitabu nikaanza kuhamisha. Mahindi, Amerika. Maharagwe, Amerika. Karanga, viazi vitamu, maboga, papai, pilipili.

"Hata pilipili, Mwalimu?"

"Hata pilipili."

"Eish! Basi na wewe nenda meza ile, unakula pilipili sana," mmoja akamwambia jirani yake, wakacheka wote.

Ndizi zilinitatiza, maana asili yao ni Asia na sikuwa na meza ya tatu. Niliziweka kwenye kiti. Mvulana wa Kirundi akaja kuzichukua, akazipakata hadi mwisho wa somo, akisema hizo haziendi popote.

Upande wa KWETU zikabaki bamia, kunde na chupa ya mawese. Mwisho nikachukua muhogo. Ulikuwa wa msichana wa Kikongo wa miaka kumi na mitatu, msomaji wangu bora, aliyekuwa amebakiza wiki tano afanye mtihani wa kuingia sekondari. Alikuwa ameuleta ndani ya gazeti, pamoja na sombe mbichi, yale majani yake laini ambayo hapa mjini watu wengi huyapata kwenye friza tu. Nikauhamisha kama nilivyohamisha vingine. Alilikunja gazeti mara nne, akalitia mfukoni. Niliona, kwa sababu kabla ya ualimu nilikuwa mwandishi wa habari na macho hayastaafu. Niliona, nikaendelea na somo.

Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Na iliyofuata.

"Mama yake amekataa," mwenzake aliniambia. "Sasa anamsaidia salon."

Jumapili baada ya ibada nilikwenda mtaa wa Bluff, walikokuwa wamepanga chumba cha uani. Mama yake, mjane aliyekuwa akisuka watu nywele mjini, alinipokea kwa mikono miwili kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwao mgeni haulizwi wala hajibiwi jambo kabla hajala. Akatenga bugali wa muhogo na sombe. Nilikula nikijua kwamba zamu yangu inakuja. Msichana alitunawisha mikono, akatoka nje.

"Mwalimu," mama akaanza, "mtoto alirudi akaniambia meza yetu ilibakia na bamia."

"Bamia, kunde na mawese, Mama."

"Mi nilitoka Uvira na huyu mtoto mkononi. Nyumba ilibakia. Kaburi ya bwana yangu ilibakia. Kila siku nikipika namuambia: hii ni ya kwetu, hii hakuna mtu atatunyang'anya. Sasa mi mwenyewe namfungia muhogo apeleke kwa Mwalimu, na Mwalimu ananyang'anya."

Hakupaza sauti. Nilikuwa na jibu sahihi la kitabuni, na nililimeza.

"Nimekosa, Mama. Nilisema muhogo ulikotoka, sikuuliza ulifikaje kwenu."

"Kukosa unasema muzuri. Kiswahili yenu ya Tanzania iko na sukari." Akanisogezea chai. "Lakini mtoto, hapana."

Aliponisindikiza nilisimama kando ya uzio. Alikuwa amelima kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mlango. Mahindi yalisimama, maharagwe yameyapanda kwa kuyazunguka, na chini majani ya maboga yamefunika udongo wote. Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Mama yangu. Kwani wewe unapandaka namna gani?"

"Ungekuja kuwaeleza watoto. Au niwalete hapa."

"Hapa? Wakanyage maboga yangu?"

Hakuahidi. Jumamosi, tukiwa tumeshaanza, aliingia na bua la mahindi alilong'oa na udongo wake, mmea wa maharagwe umelizunguka. Binti yake alikuwa nyuma yake, amesimama. Alieleza kama mtu anayekemea: haragwe hili linapanda juu ya bua hili, linaweka nguvu chini, boga linazuia jua na majani mabaya. Mtoto mmoja akauliza kwa nini asitumie mbolea ya dukani. "Mbolea utaninunulia wewe?" akamjibu.

Nikafungua ukurasa wenye mchoro wa mwanamke aliyeinama kwenye tuta, na mimea ile ile mitatu. Mama akavuta kitabu.

"Huyu ni nani?"

"Mkulima wa kule Amerika, kabla Wazungu hawajafika. Jembe lake ni mfupa wa bega la mnyama."

"Anainama muzuri." Akausogeza mchoro karibu na macho. "Na hawa watu wako wapi sasa?"

Niliwaambia wote kwa pamoja: wengi walikufa kwa magonjwa na vita, wengi wakafukuzwa kwenye mashamba yao, na wajukuu wao wapo hadi leo.

"Walifukuzwa mpaka wapi?"

"Mbali sana. Wengine kwa miguu."

"Na mbegu?"

"Walibeba, Mama."

Akapitisha kidole chenye udongo juu ya mgongo wa yule mwanamke. "Pole yao," akasema. Kisha akanigeukia. "Basi muhogo uwaachie. Lakini sombe, kutwanga vile sisi tunatwanga, hiyo usiandike Amerika."

"Siandiki."

Akamtazama binti yake, ambaye mpaka wakati huo hakuwa amekaa.

"Unasimamia nini? Wiki mbili tu zimebakia mtihani ifike, na umekosa masomo mingi. Kaa."

Msichana akakaa. Mama akafunga kitenge chake vizuri, akaenda zake salon peke yake.